Kuomba masta ya hisabati ukiwa Mwanza: hatua zenyewe, na ile iliyoniponza

Juzi nimemaliza kumsaidia mwalimu mwenzangu wa Ukerewe kutuma maombi. Alivuka na meli ya Nansio, laptop kaifunga kwenye kiroba ili isilowe, tukakaa mezani kwangu Kirumba siku mbili. Ni mtu wa tatu kuniuliza mambo yaleyale, kwa hiyo nayaandika.

1. Chagua vyuo

Vitatu vinatosha. Mimi huanza na AIMS, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003. Kituo chake cha Kigali unakifikia kwa basi kupitia Rusumo. Kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964: ina diploma ya hisabati ya mwaka mmoja, na gharama wanabeba wao. Ukitaka hisabati tumizi bila kutoka nchini, tazama Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha.

2. Transkripti

Skani kwa mashine, steshenari yoyote wanayo. Usipige picha kwa simu juu ya kitanda.

GPA iandike kama ilivyo: 4.1 kati ya 5. Usijigawie kwenda kwenye 4 ya Wamarekani, wanaopokea wana namna yao. Kama ulisoma ualimu na hisabati, ambatanisha ukurasa mmoja unaoeleza kila kozi kwa mstari mmoja, maana jina la kozi peke yake halimwambii mtu wa Italia kama uligusa uchanganuzi halisi (real analysis, hisabati ya kuthibitisha) au uliishia kutafuta intigro.

3. Maelezo binafsi

"Tangu nikiwa mdogo nimependa hisabati" futa. Mwenzangu alikuwa nayo, tukaitoa, tukaanza na ziwa: sangara walipandikizwa humu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wanaoliwa na sangara, walikuwa wamepungua vibaya. Milinganyo ya Lotka na Volterra inasema mwindaji na windo watapanda na kushuka kwa zamu bila mwisho. Mbona aina nyingi za furu hazikurudi? Ni kitu gani milinganyo imekiacha nje? Aya moja tu, na msomaji ameshajua huyu mtu anawaza nini.

4. Barua za wahadhiri

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza kuomba, mfumo uliandika kwamba barua zifike kabla ya 12:00 GMT. Nikampigia mhadhiri wangu: "Dokta, mwisho ni saa kumi na mbili." Akajua jioni, kama ambavyo Mswahili yeyote angejua. Lakini 12:00 ya GMT huku kwetu ni saa tisa alasiri. Barua aliipandisha saa kumi na moja na nusu, akiwa na amani kabisa, na mlango ulikuwa umeshafungwa. Kosa lilikuwa langu. Mwaka mzima ukaenda na maji. Tangu siku hiyo naandika hivi: "saa 9 alasiri, saa za Tanzania, Ijumaa", kisha namtajia siku mbili kabla ya hiyo.

Mengine ya kuangalia:

Jaza barua pepe ya chuo ya mhadhiri. Ya kawaida mifumo mingine inaitilia shaka. Ukishabonyeza kutuma, mwombe aangalie na kwenye barua taka, kwa sababu linki ya kupandishia barua hupenda kujificha huko.

Mpe wiki tatu, na usimwombe wakati anasahihisha mitihani.

Akikwambia "andika wewe nitasaini", usiandike. Mpelekee mambo ya kweli ya kumkumbusha: kozi yake uliyosoma, alama, na siku ile uliyosimama ubaoni ukathibitisha nadharia ya Bolzano–Weierstrass bila daftari. Barua inayosema wewe ni mtiifu na unahudhuria vipindi haimsaidii mtu wa hisabati hata kidogo.

Kukumbusha nako kuna adabu yake. Mwenzangu alituma hivi: "Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu. Linki ya barua ilitumwa Jumatatu kwenye anwani yako ya chuo. Kama haijafika, naomba niwaombe waitume upya." Alijibiwa baada ya dakika ishirini: haikuwa imefika kweli. Angekaa kimya kwa heshima, ingekuwa ndiyo basi.

5. Wasifu

Andika kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi yenye hisabati. Najua Word inafanya kazi, lakini unaomba kusoma hisabati, na utaandika tasnifu kwa LaTeX upende usipende. Kurasa mbili.

6. Tuma

Siyo usiku wa mwisho. Umeme wa Mwanza unaujua. Weka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti, tuma asubuhi, pakua PDF ya maombi yote, halafu ingia tena kwenye mfumo uhakikishe mbele ya jina la kila mhadhiri pameandikwa kwamba barua imepokelewa. Mwenzangu alisubiri aone jina la pili limebadilika ndipo akashuka bandarini.