Kabla ya Kuhama Kutoka Msaada wa Jimbo Kwenda Malipo ya Ulemavu Nchini Marekani

Mtu anayeishi Marekani kwa msaada wa fedha wa jimbo, akashauriwa na daktari au mhudumu wa kesi aombe malipo ya ulemavu, kwa kawaida huambiwa atapata kiasi gani, lakini ni nadra kuambiwa atapata lini. Nyumba inaweza kuyumba hata pale ombi lilipokubaliwa, kwa sababu msaada wa zamani hufungwa kwa kalenda yake na malipo mapya huanza kwa kalenda nyingine, na kodi ya nyumba haisubiri kalenda hizo mbili zipatane.

Kwanza ni lazima ujue unahamia wapi, kwa kuwa kuna malipo mawili ambayo mtaani yote huitwa pesa za ulemavu, ingawa sheria zake ni tofauti kabisa. SSI ni ya mwenye ulemavu asiye na kipato au mwenye kipato kidogo, hata kama hajawahi kufanya kazi nchini humo. Kiwango chake cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 994 kwa mwezi, na anayeipokea haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kikomo ambacho hakijapandishwa tangu 1989. SSDI hutokana na makato ya mshahara ya miaka ya kazi, haiangalii akiba, lakini haianzi mara moja: miezi mitano kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi. SSI haina ngoja-ngoja hiyo, ila haihesabiwi kabla ya mwezi unaofuata ule wa kuomba. Kwa hiyo usikae na fomu mezani ukisubiri vyeti vyote vikamilike. Piga simu ofisi ya Social Security, idara ya serikali kuu inayosimamia malipo yote mawili, sema kwamba unakusudia kuomba SSI, na uandike tarehe ya simu hiyo pamoja na jina la aliyekuhudumia, kwa kuwa ukikamilisha ombi ndani ya siku 60 zinazotajwa katika taarifa watakayokutumia, tarehe ya simu ndiyo huhesabiwa.

Msaada unaoupokea sasa usiuache ufe njiani. TANF, yaani msaada wa fedha kwa familia zenye watoto, ambao majimbo huupa majina yao wenyewe, kama MFIP kule Minnesota au K-TAP kule Kentucky, humtaka mpokeaji atafute kazi au ahudhurie mafunzo, na mgonjwa anayekosa vikao akidhani kwamba ombi lake la ulemavu linamlinda anaweza kukatwa kabla uamuzi haujatoka. Omba mapema fomu ya daktari ya kusamehewa masharti ya kazi. Uliza pia nini kitatokea siku SSI itakapoanza: mama mwenye watoto wawili akipata SSI kwa kawaida huondolewa katika hesabu ya TANF, na fedha hiyo hubaki kuwa ya watoto peke yao kwa kiwango kidogo zaidi, akipata mtoto mmojawapo, mtoto huyo ndiye anayeondolewa. Ofisi ya jimbo ipewe taarifa mara tu barua ya kukubaliwa inapofika, na risiti itunzwe, maana fedha iliyolipwa kimakosa inaweza kudaiwa, hata kama kosa lilikuwa la ofisi.

Jambo linaloumiza watu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni malimbikizo, yaani malipo ya SSI ya miezi ya kusubiri uamuzi. Mwombaji husikia kwamba atalipwa kuanzia mwezi unaofuata ombi, akapiga hesabu, akawaahidi wanaomdai. Tuseme ombi limechukua miezi 14. Kwa kiwango cha 2026 peke yake hiyo ni dola 13,916. Ikiwa katika muda huo jimbo au kaunti ilikuwa ikimpa dola 250 kila mwezi kutoka mfuko wake wenyewe, na mwanzoni aliwekewa karatasi ya kutia saini akaitia bila kuisoma, basi karatasi hiyo huenda ilikuwa idhini ya kurejesha, na dola 3,500 zitarudi kwa jimbo kabla hajaona senti. (TANF haimo katika utaratibu huu, kwa kuwa ina fedha za serikali kuu ndani yake.) Zinabaki 10,416, nazo hazilipwi kwa pamoja: malimbikizo ya SSI yakifikia mara tatu ya kiwango cha mwezi hugawanywa mafungu matatu, kila fungu likipishana na jingine kwa miezi sita. Fungu la kwanza ni 2,982, la pili ni 2,982, na 4,452 zilizosalia huja mwaka mzima baada ya fungu la kwanza. Mwenye wakili atoe pia ujira wake, ambao kwa mkataba wa kawaida ni robo ya malimbikizo na hauzidi kikomo kilichowekwa, ambacho mwishoni mwa 2024 kilipandishwa hadi dola 9,200. Lipo jambo la kuomba hapa ambalo wengi hawalijui: mwenye deni la kodi, chakula, mavazi au matibabu anaweza kuomba fungu la kwanza na la pili yaongezwe, akiambatanisha bili. Hizo bili basi zianze kutunzwa leo. Fedha ya malimbikizo ikishaingia haihesabiwi kuwa akiba kwa miezi tisa. Baada ya hapo inarudi chini ya kile kikomo cha dola 2,000.

Kwa aliyepokewa na ndugu kuna kikwazo kingine. Anayeishi mwezi mzima katika nyumba ya mtu mwingine, akipewa malazi na milo yote pasipo kuchangia sehemu yake ya gharama, hukatwa theluthi ya SSI, yaani 994 inashuka hadi 662.67. Kwetu mgeni haandikishiwi kodi, na shemeji anayekuhifadhi anaweza kuona haya kutia saini karatasi inayosema kwamba unachangia gharama. Hata hivyo, kama kweli unachangia, karatasi hiyo iandikwe, na malipo yaache alama benki au katika risiti.

Wapo wanaohama mara mbili, yaani kutoka msaada wa jimbo kwenda SSI, kisha kutoka SSI kwenda SSDI baada ya ile miezi mitano. Hesabu ya hapo ni kwamba SSDI, ikishatolewa dola 20, hupunguzwa katika SSI. Mwenye SSDI ya 700 atabaki na SSI ya 314, jumla 1,014. Mwenye SSDI ya 1,100 hapati tena SSI ya serikali kuu, na ingawa kipato chake kimepanda, Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo iliyokuwa imeshikamana na SSI, inaweza kuondoka nayo, ilhali Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, huanza baada ya miezi 24 ya kustahili SSDI. Mtu wa namna hiyo hugundua hali yake kwenye dirisha la famasi, kadi inapokataa na insulini iko upande wa pili wa kioo. Uliza ofisi ya Medicaid njia nyingine za kustahili wakati kadi bado inafanya kazi. Tarehe nayo hubadilika: SSI huingia tarehe 1, lakini anayebaki na SSDI peke yake anaweza kulipwa Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne kulingana na siku aliyozaliwa. Wakimbizi walioandikiwa Januari 1 kambini huangukia ya pili. Mwenye nyumba aelezwe hilo mapema, kwa maandishi.

Stempu za chakula hupungua kipato kinapopanda, ila mwenye ulemavu ana haki ya kutolewa gharama za matibabu zinazozidi dola 35 kwa mwezi alizolipa mwenyewe, endapo atazionyesha.

Bahasha zote zifunguliwe siku zinapofika. Uamuzi hukatiwa rufaa ndani ya siku 60, lakini barua inayosema SSI itapunguzwa au itasimamishwa ina muda mfupi zaidi: ukikata rufaa ndani ya siku 10, kwa kawaida malipo huendelea kwa kiwango cha zamani hadi uamuzi wa rufaa hiyo, ingawa ukishindwa unaweza kudaiwa. Mkalimani wa Kiswahili wa ofisi ya Social Security ni wa bure. Mtoto wa shule asifanywe mfasiri wa barua ya aina hii.

Kwa mkimbizi kuna tarehe moja zaidi, nayo iandikwe ukutani siku SSI inapokubaliwa. Mkimbizi ambaye bado si raia kwa kawaida hulipwa SSI kwa miaka saba tu tangu alipopewa hadhi ya ukimbizi, si tangu alipoanza kulipwa. Ombi la uraia linaweza kupelekwa siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, na kwa mkimbizi ukaazi huo huhesabiwa kuanzia siku aliyoingia nchini. Ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza au historia ya Marekani anaweza kusamehewa mtihani kwa fomu N-648, ambayo daktari lazima aijaze kwa maelezo kamili yanayoonyesha jinsi ugonjwa unavyozuia kujifunza. Daktari huyo aanze kutafutwa mwaka wa nne.