Jinsi ya kuipa uhai klabu ndogo ya mbio za magari Arusha na Moshi, hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Vijana wa Moshi wananiuliza sana inboksi jinsi ya kuikuza klabu yao, wana magari, wana hamu, ila wakiandaa tukio watu wanakuja mara moja halafu kimya. Mimi huku Arusha kazi yangu kwenye klabu ni kupanga uwanja na kukagua magari, kwa hiyo nitaongea ya uwanjani, ya kugombea uenyekiti waulizeni wengine.

Kabla ya yote shikeni hili moja. Dogo anakuja na Starlet yake asubuhi, analipa kiingilio, anakaa juani masaa manne anasubiri, anaendesha mara mbili, anarudi nyumbani. Huyo mwezi ujao humuoni, na rafiki zake aliowahadithia nao huwaoni, hata ukiweka kombe kubwa kiasi gani. Kwa hiyo kila kitu hapa chini kinalenga mambo matatu: mtu aendeshe mara nyingi, asubiri kidogo, arudi kwao mzima.

Hatua ya 1: Anzeni na mbio za koni

Najua kila mtu anataka rally. Watu wa Kaskazini tuna sababu, Safari Rally ilipoanza 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania akaichukua 1966 na akairudia 1967 na Peugeot 404, gari ambalo enzi hizo watu wa kawaida walikuwa wanaendea kazini. Lakini rally inataka kufunga barabara, gari lenye keji ya mabomba ndani ya kumlinda dereva likipinduka, madereva wenye leseni za mashindano, magari ya uokoaji kila kipande. Klabu ya watu ishirini haina uwezo huo.

Mbio za koni zinataka kiwanja kimoja, njia imechorwa kwa koni kama zile za barabarani, gari moja moja linaingia, linakimbizana na saa tu. Gari la kwenda nalo kazini Jumatatu linatosha. Na ufundi ule ule wa rally unaupata hapo, kupiga breki kwa wakati, kugeuza gari kwenye vumbi, kutuliza kichwa.

Hatua ya 2: Uwanja na vibali

Tafuteni eneo tambarare lenye ukubwa kama viwanja viwili vya mpira au zaidi. Kuelekea Kisongo kuna maeneo wazi, ukitoka Moshi kwenda Boma Ng'ombe pia yapo, ila kila ardhi ina mwenyewe hata kama haina uzio. Muoneni mwenye eneo, halafu mwenyekiti wa kijiji au mtaa, halafu polisi, mpeleke barua kwa mkono na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Klabu yenyewe isajilini, muanzie kwa afisa michezo wa wilaya atawaelekeza taratibu za Baraza la Michezo la Taifa. Bila usajili hakuna mdhamini wa maana atakaewasikiliza.

Barabara ya kijiji msiiguse hata kama haina magari, kuna watoto, kuna bodaboda, kuna mama katoka shambani na kuni kichwani.

Na wafugaji jamani. Huku kwetu ng'ombe wana njia zao na saa zao za kwenda kunywa maji, ukipanga njia ya gari juu ya njia ya ng'ombe utasimamisha mbio asubuhi nzima. Nendeni siku mbili kabla mkaongee na wazee wa pale, ulizeni mifugo inapita wapi na saa ngapi, muwape vijana wao kazi ya kulinda pande mbili na muwalipe. Tukifanya hivyo siku inaenda salama na tunakaribishwa tena.

Hatua ya 3: Kuchora njia

Hapa ndo penye utamu wangu. Tembeeni eneo lote kwa miguu kwanza, mkiwa wengi mmejipanga mstari mmoja, mnatafuta mashimo ya wanyama, mawe yaliyozama nusu, visiki, waya, miiba. Shimo likipatikana lifukieni au lizungusheni koni mbali nalo. Shimo moja la muhanga likimeza tairi la mbele kwa mwendo gari linaruka.

Vipimo tunavyotumia sisi: nafasi kati ya koni na koni pale gari linapopita ni mita 4 mpaka 5, kwenye zigizaga koni zinaachana mita 15 hivi, na hatuachi mnyoofu mrefu wa kumfanya mtu afike kasi ya kilomita 80 kwa saa. Mkiona mtu anafika huko ongezeni kona. Mti, nguzo au mtaro wowote uwe mbali na njia, mita 20 au zaidi, na zaidi sana upande wa nje wa kona maana gari likiteleza linakwenda nje. Baada ya mstari wa kumalizia acheni nafasi ndefu ya kusimama, tena malizieni kwa kona ya taratibu ili mtu asivuke mstari akiwa amekanyaga mpaka mwisho.

Watazamaji wakae nyuma ya kamba, mbali, wasikae kabisa nje ya kona wala mbele ya mstari wa mwisho. Mtu mmoja kazi yake iwe kamba tu siku nzima. Watoto wanasogea, kila ukigeuka wamesogea, na hiyo kamba haina mjadala, wakivuka mbio zinasimama mpaka warudi.

Angalieni na upepo, hema la kupimia muda na watazamaji wawe upande upepo unakotoka, la sivyo kila gari likipita mnakula vumbi na mtu wa saa haoni mstari. Mkiwa na hela kidogo leteni boza la maji limwagie njia asubuhi.

Hatua ya 4: Ratiba, hapa ndipo klabu nyingi zinafia

Chukueni kalamu tupige hesabu. Njia nzuri inamalizika kwa sekunde 60 hadi 70. Ukiachia gari jipya kila baada ya dakika moja na nusu, yule wa mbele ameshatoka, vumbi limetulia, koni iliyoangushwa imesimamishwa. Hiyo ni raundi 40 kwa saa. Mkiwa na magari 20, kila mtu raundi 5, jumla raundi 100, ni dakika 150, yaani masaa mawili na nusu. Mkianza saa tatu kamili asubuhi, saa tano na nusu kila mtu kaendesha mara tano na jua halijawa kali.

Sasa kwa nini kwenye matukio mengi watu wanapata raundi mbili mpaka jioni? Kwa sababu gari likimaliza ndo wanaanza kumtafuta anaefuata, yuko wapi, kaenda kula mishkaki, helmeti kaazimisha. Dawa yake ni foleni. Magari matano muda wote yawe yamepangwa, dereva ndani, mkanda umefungwa, helmeti kichwani, na mtu mmoja mwenye karatasi anawasogeza. Asiekuwepo anarukwa, raundi yake imepotea. Mara ya kwanza watanuna, mara ya pili wote watakuwepo.

Jambo la pili, na hili naomba mlifanyie kazi kuliko yote: gaweni madereva makundi mawili, A na B. A wakiendesha, B wako kwenye kona, wanasimamisha koni, wanashika bendera, wanaandika muda. Halafu wanabadilishana. Kila tukio watu wanalalamika hakuna wasimamizi wa kutosha wakati madereva kumi wamekaa kwenye boneti wanapiga stori. Dereva mpya akisimama kona kwa saa moja anaona wenzake wanavyokosea na wanavyopatia, anajifunza kuliko kuelezwa, na anawajua watu kwa majina. Mtu aliyejulikana kwa jina anarudi.

Hatua ya 5: Ukaguzi

Kuanzia saa moja asubuhi, kila gari, hata la mwenyekiti. Mimi nafanya kwa mkono kwa mpangilio huu: nafungua boneti naitikisa betri, ikicheza hata kidogo inafungwa upya. Natazama mafuta na mabomba kama kuna kinachovuja. Namwambia dereva akanyage breki aishikilie nihesabu mpaka kumi, pedali ikizama taratibu gari haliingii. Akanyage mafuta aachie, pedali irudi yenyewe haraka. Gari kwenye jeki, nashika tairi la mbele juu na chini nalisukuma, likigonga kuna kitu kimeisha huko. Nati za matairi nakaza mwenyewe.

Halafu ndani. Jeki, tairi la spea, spana, sabufa, kiti cha mtoto, kapeti la dereva, vyote nje. Na chupa za maji! Chupa ya nusu lita inatoka chini ya kiti kwenye breki ya kwanza inakwenda kukaa nyuma ya pedali, breki ya pili hauna. Ndo maana napiga magoti naangalia chini ya viti vyote, na naomba mkaguzi wenu afanye hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Helmeti, bendera, huduma ya kwanza

Helmeti ya kuazimana iwepo ila iwe ya kweli, angalia alama za viwango nyuma au ndani, Snell au ECE 22.05 na 22.06. Zile nyepesi za bei ya chini zinazovaliwa kukwepa faini ya trafiki hapana. Bendera mbili zinatosha kuanzia, ya njano ni hatari mbele punguza, nyekundu ni simama, na kila kona yenye mtu iwe na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa. Bila gari la wagonjwa na mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza msianze, nasema msianze hata kama watu wamekuja toka Dar. Andikeni kabisa nani anapiga simu na njia ya kwenda hospitali ni ipi, kwa Arusha Mount Meru, kwa Moshi KCMC au Mawenzi, na mpigieni mtu wa hospitali jana yake. Zimamoto ni 114.

Bima za magari za kawaida mara nyingi hazilipi ajali ya mashindano, muwaambie madereva wapya mapema kabla hawajalipa kiingilio.

Hatua ya 7: Madaraja

Vitz ikishindanishwa na Subaru yenye tabo (turbo, ile inayoiongezea injini nguvu), mwenye Vitz atakuja mara moja tu. Gaweni kwa ukubwa wa injini, na kwa tabo tumieni hesabu ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, ya kuzidisha ukubwa wa injini mara 1.7. Starlet ya 1331 cc ya kawaida inabaki na wadogo wenzake, yenye tabo inahesabika kama 2263, inapanda. Wekeni na daraja la wanaoanza, hao washindane wenyewe kwa wenyewe mwaka wa kwanza.

Hatua ya 8: Hela

Lipa namba iwe ya klabu isiwe ya mtu. Baada ya tukio tumeni kwenye grupu karatasi moja: tumekusanya hiki, gari la wagonjwa hiki, boza hiki, shukrani ya mwenye eneo hiki, kimebaki hiki. Zawadi za pesa taslimu mimi nazipinga, zinaleta ugomvi wa sekunde na watu kutaka kukata rufaa kwa kila koni. Wadhamini waanze kuwa wenye maduka ya spea na gereji mnazotumia kila siku, tairi mbili au galoni ya oili kama zawadi wanaweza, na wao wenyewe wanakuja kuangalia.

Hatua ya 9: Masika msilale

Machi mpaka Mei huo udongo mweusi ukilowa hakuna gari linalotoka, kwa hiyo msilazimishe. Huo ndo muda wa kukutana gereji jioni, fundi aelekeze shokapu na breki, mtu wa Msalaba Mwekundu afundishe kufunga jeraha na kumtoa mtu ndani ya gari bila kumuumiza shingo, dereva wa zamani afundishe kusoma kitabu cha njia, kile chenye maelekezo ya kila kona na umbali.

Halafu fanyeni safari ya ramani kwenye lami, mfano Moshi kupitia Himo mpaka Marangu, kwa mwendo wa sheria, 50 kwenye makazi. Anaeshinda ni yule anaefika kila kituo kwa muda ulioandikwa, akiwahi anakatwa pointi sawa na aliyechelewa. Hapo unaleta mke, mume, mtoto anasoma ramani, hata mwenye Noah ya familia anashiriki. Mwanzoni mwa Juni mvua ikikata mtakuwa na wasomaji ramani na wasimamizi wa kona tayari, na tarehe ya mbio za kwanza muwe mmeshaitaja kabla safari ya ramani haijaisha, pale pale Marangu watu wakiwa bado wamekaa pamoja.