Usiongee na mlevi usiku, ngoja asubuhi

Jamani wenye ndugu anayekunywa nyumbani, kitu kimoja tu nimejifunza kwa kaka yangu hapa Chang'ombe Dodoma. Akirudi saa sita usiku ananuka gongo USIANZE KUGOMBANA, hasikii na kesho hakumbuki, wewe ndo unabaki na presha. Mfungulie alale ubavu asije akapaliwa na matapishi, basi.

Asubuhi akishaoga, mkiwa wawili tu na chai mezani, ongea sentensi mbili: "jana mtoto alilia akajificha nyuma ya kabati, mi niliogopa." Usimwite mlevi wala kumtajia marehemu baba, sisi tulimtaja sana huyo mzee wa watu na haikusaidia kitu 😅

Pesa mkononi acha. Ana njaa, mpe ugali na mlenda ale, ana deni kilabuni alilipe mwenyewe, na bosi wake usimpigie kumdanganya eti anaumwa, mi nilifanya hivyo miezi na miezi nikidhani namsaidia kumbe namlea.

Ila kama anakunywa kila siku toka asubuhi msimfungie ndani aache ghafla, anaweza kudondoka degedege, mpelekeni kwanza kwa daktari, hospitali ya Mirembe hapa Dodoma si ya vichaa tu kama watu wanavyosema. Wa heroini ni habari nyingine, huko kuna methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, anainywa kila siku mbele ya nesi. Mkikwama kwenye mambo ya unga pigeni 119 ya mamlaka ya dawa za kulevya, ni bure.