Makapi ya karanga yasiingie kwenye uji wa mtoto

Karanga nono zinaenda sokoni. Kwenye ungo yanabaki makapi: zilizosinyaa, zilizovunjika na zile zenye ukungu kidogo, halafu naambiwa, "Hizi tutamsagia mtoto." Ndugu mkulima, hapo umemkusanyia mtoto sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Sumu hii haienei sawasawa kwenye gunia. Hujilundika kwenye punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu. Ndizo ulizobakiza.

Usiniambie moto utaimaliza. Moto wa jikoni huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki ndani ya uji. Sumukuvu iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Hushambulia ini, na mtoto wa kilo 8 ini lake ni dogo, na uji anakunywa kila siku.

Chambua mchana, kwenye mwanga, kabla ya kukaanga. Zikishakaangwa hutatofautisha iliyoungua na iliyooza. Punje ukiitilia shaka, itoe. Makapi yafukie, usimpe ng'ombe, maana sumu itakurudia kwenye maziwa yake.

Kosa lenyewe mara nyingi huanzia kwenye kubangua. Watu wanalowesha maganda ili yalainike. Najua vidole vinauma, lakini maji hayo ndiyo kuvu inayoyasubiri. Bangua zikiwa kavu! Anika juu ya turubai, si ardhini, unene usizidi sentimita 5, ukigeuza mara kwa mara mpaka unyevu wa punje ushuke hadi asilimia 7 au 8. Huna kipimo? Tikisa ganda usikie punje zikigonga, kisha sugua punje: ngozi ibanduke bila kubembelezwa. Hifadhi na maganda yake, ubangue za wiki moja tu. Unga wenye karanga usivuke wiki mbili, mafuta yake huchacha.

Mtoto aanze uji akitimiza miezi 6, vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo. Kufikia miezi 9 hadi 11, nusu kikombe cha mililita 250, mara 3 au 4 kwa siku. Uji ukae kwenye kijiko, usichuruzike. Karanga ziwe zimetwangwa laini, kwani punje nzima humpalia. Akiongezeka uzito kila kliniki, uko sawa.

Mama anayenyonyesha naye asile makapi, kwa kuwa sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa yake. Kunyonyesha asiache.

Ukisema karanga safi ni za kuuza, tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa karanga zilizotwangwa kwa siku ni kama gramu 15. Kwa mwezi haifiki nusu kilo. Kwa mwaka ni kilo tano na nusu hivi. Zipime hizo kwanza, uzifungie pembeni, ndipo umwite mnunuzi.