Namna ninavyosoma safari ya kocha wa Kijerumani kwa daftari na kalamu

Februari 2015 nilimwambia mdogo wangu, tena kwa kujiamini, kwamba Jürgen Klopp amekwisha. Borussia Dortmund, timu aliyokuwa akiifundisha, ilikuwa imefungwa nyumbani na Augsburg na kukaa mkiani mwa Bundesliga, ya 18 kati ya timu 18. Msimu ukaisha Dortmund ikiwa ya saba, na mwaka 2019 huyo niliyemzika akabeba Ligi ya Mabingwa akiwa na Liverpool. Mdogo wangu hunikumbusha hadi leo. Ndiyo maana nikaanza daftari.

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto piga safu nne: msimu, timu, nafasi, pointi. Juu ya kila timu andika kwa wino mwekundu ilikuwa wapi kabla kocha hajafika. Bila hiyo, namba nyingine zote zitakudanganya. Ukurasa wa kulia uache wazi kwa ajili ya maelezo.

Kabla hujaandika, jihadhari na neno moja. Ujerumani kocha huitwa Trainer. Wakisema Manager, mara nyingi wanamaanisha bosi wa soka anayesajili wachezaji na kuajiri hao makocha. Niliwahi kujaza nusu ukurasa habari za Christian Heidel wa Mainz, klabu ya kwanza Klopp kufundisha, nikidhani alikuwa kocha. Ndiye aliyempa Klopp kazi.

Anza na siku zake za kucheza, lakini usihesabu mabao. Tafuta alifundishwa na nani. Klopp aliichezea Mainz kuanzia 1990, karibu kila wakati katika daraja la pili, akaanza mbele na kurudishwa kuwa beki. Cha kuandika hapo ni jina la Wolfgang Frank, kocha wake katikati ya miaka ya 1990, aliyepanga mabeki wanne wa kulinda eneo wakati timu nyingi za Ujerumani zilikuwa bado na libero (beki huru anayebaki nyuma ya wenzake) na mabeki wa kumganda mtu. Ukimjua Frank, yaliyofuata hayakushangazi sana.

Sasa jaza Mainz, na hapa usiwe na haraka. Mwishoni mwa Februari 2001 timu inachungulia daraja la tatu, kocha Eckhard Krautzun ameondolewa (ndiyo, Krautzun yuleyule aliyewahi kuinoa timu ya taifa ya Kenya), na Klopp anatolewa kwenye kikosi na kukabidhiwa timu. Wakabaki daraja la pili. Kisha andika misimu mitatu hii kwa kufuatana:

2001–02: pointi 64, nafasi ya nne.
2002–03: pointi 62, nafasi ya nne.
2003–04: pointi 54, nafasi ya tatu, wamepanda.

Itazame tena. Alipanda kwa pointi kumi pungufu ya zile zilizomwacha chini. Mwaka 2003 Mainz walishinda 4–1 ugenini Braunschweig siku ya mwisho, wakasubiri matokeo ya Frankfurt waliokuwa wakigombea nao kupanda, na Frankfurt wakafunga mabao mawili dakika za mwishoni kabisa dhidi ya Reutlingen. Mainz wakabaki chini kwa tofauti ya bao moja tu. Anayehesabu vikombe ataandika "hakushinda kitu" kwa misimu hiyo miwili. Mimi naweka nyota, kwa sababu timu iliyovunjwa moyo hivyo mara mbili ilirudi uwanjani mara ya tatu ikiwa bado inamsikiliza mtu yuleyule.

Andika na mabaya: 2007 Mainz walishuka, Klopp akabaki nao, 2008 wakakosa kupanda, akaondoka. Kushuka daraja na bado ukabaki kazini ni jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa.

Dortmund ni rahisi kujaza. Wino mwekundu: ya 13, klabu iliyokaribia kufilisika mwaka 2005. Halafu nafasi za kila msimu: 6, 5, 1, 1, 2, 2, 7. Msimu wa 2011–12 walipata pointi 81 na kuifunga Bayern 5–2 katika fainali ya Kombe la Ujerumani. Ukurasa wa kulia andika walioingia na waliotoka: Shinji Kagawa alinunuliwa kwa euro 350,000 tu, Mario Götze akaenda Bayern 2013, Robert Lewandowski akafuata njia hiyohiyo 2014 bila Dortmund kupata hata senti. Hapo ile 7 inaanza kueleweka, ingawa haijitetei yote. Nani alifanya usajili? Michael Zorc, mkurugenzi wa michezo. Usimpe kocha sifa zote za soko, wala lawama zote.

Ukitaka kipimo kizuri zaidi, fungua ukurasa wa aliyekuja kukalia viti vyake baadaye. Thomas Tuchel alichukua Mainz 2009, akitoka timu yao ya vijana, akachukua Dortmund 2015, na msimu wake wa kwanza huko akapata pointi 78. Akawa wa pili tu, kwa kuwa Bayern walikuwa mbele. Mwaka 2017 akashinda Kombe la Ujerumani, na siku chache baadaye akaondolewa. Ukiweka kurasa hizi mbili ubavuni unaona kitu ambacho kombe halionyeshi: mmoja aliaga kwa machozi ya uwanja mzima, mwingine aliondoka na kombe mkononi na maelewano yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa kila timu uwe namna alivyoondoka.

Ukurasa wa Klopp niliufunga Mei 2024 alipoaga Liverpool. Januari 2025 ikabidi niongeze mstari: Red Bull, mkuu wa soka wa kundi zima la klabu, haketi benchi. Safu ya pointi nimeiacha wazi.