Baridi yabisi, kitambi na fizi zinazotoa damu: pa kuanzia

Mtu mwenye baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, hukazana na vidonge vya viungo, huku fizi zikitoa damu kila asubuhi na suruali ikimbana kiunoni. Mambo haya matatu yanachocheana.

Kati ya jino na ufizi unaougua huwa kuna mfuko, na humo hukaa bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis. Ana kimeng'enya kinachogeuza arijinini, kijenzi kimojawapo cha protini, kuwa kijenzi kingine kiitwacho sitrulini, na protini za namna hiyo ndizo ambazo kinga ya wagonjwa wengi wa baridi yabisi huzishambulia. Mafuta ya tumboni nayo humwaga kwenye damu kemikali za kuchochea uvimbe, baadhi yake zikiwa zile zile ambazo sindano za baridi yabisi zimetengenezwa kuzizuia. Ndiyo sababu mwenye uzito mkubwa mara nyingi hapati nafuu anayotarajia.

Anza na mswaki, na kwanza mpini wake. Vidole vilivyovimba haviwezi kubana kijiti chembamba. Uzungushie kitambaa na ukifunge kwa mpira, au toboa mpira wa tenisi uupenyeze mpini katikati. Mswaki wa umeme ni bora zaidi, kwani kifundo cha mkono hakisumbuki. Kama mikono hukakamaa asubuhi, usijilazimishe punde uamkapo. Iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, au subiri ilegee.

Chagua brashi laini, uilaze kwa mshazari wa nyuzi 45 pale jino linapokutana na ufizi, usugue taratibu kwa dakika 2, mara 2 kwa siku. Tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Katikati ya meno, uzi huwashinda wengi wenye vidole vigumu. Tumia vibrashi vidogo vyenye mpini. Damu ikitoka, watu huacha kusugua mahali hapo, na ukoga unazidi kurundikana. Endelea. Isipopungua baada ya wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno. Mvutaji sigara asijipongeze kwamba fizi zake hazitoi damu: nikotini hubana mishipa ya damu na kuuficha ugonjwa.

Kwenye uzito, mizani hudanganya. Baridi yabisi hula misuli, hivyo kilo zinaweza kubaki pale pale huku mafuta yakiongezeka. Pima kiuno kwa utepe: kisifike nusu ya urefu wako, yaani mwenye sentimita 160 awe chini ya 80. Lengo la kwanza ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Kwa mwenye kilo 90, ni kilo 4.5 hadi 9. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayejinyima chakula kwa pupa hupoteza misuli ile ile anayoihitaji kushikilia magoti. Kula protini kila mlo, na fanya mazoezi ya nguvu siku 2 kwa wiki. Viungo vikiuma sana, tembea ndani ya maji.

Angalia pia unachotafuna. Meno yakilegea, mtu huhamia kwenye vyakula laini vya wanga na sukari, na kiuno kinapanuka. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, nayo huongeza njaa, lakini usiiache ghafla. Mwambie daktari akupangie jinsi ya kuipunguza.

Ukienda kwa daktari wa meno, beba orodha ya dawa zako zote. Muhimu zaidi ni zinazoshusha kinga, pamoja na za kuimarisha mifupa kama alendroneti, ambazo kwa nadra huzuia taya kupona baada ya kung'oa jino. Mwombe apime kina cha mifuko ya fizi: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea si dalili njema. Akikusafisha chini ya ufizi, rudi baada ya miezi 3 hivi apime tena.