Kräftskiva Mbeya: kambamiti kwa mapishi ya Kiswidi

Kräftskiva ni karamu ya Agosti ya Waswidi. Kamba wa mtoni wenye makucha huchemshwa kwa maji ya chumvi na maua ya shibiti, wakalala humo usiku kucha, kisha wakaliwa wa baridi, kwa mikono. Mwezi huo ulitokana na sheria: mwanzoni mwa karne ya 20 uvuvi wao ulizuiwa mpaka Agosti wasije wakaisha. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1994, lakini karamu imebaki palepale.

Kamba hao huku hawapo, na tafadhali asiwalete mtu wakiwa hai. Uswidi ilipandikiza aina ya Kimarekani miaka ya 1960, nao hubeba ugonjwa unaowaua kamba wa kienyeji. Tumia kambamiti wakubwa, wabichi, wenye vichwa na maganda. Wanaofika Mbeya wamesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo nusa kwanza. Wakitoa harufu kali inayochoma pua, au vichwa vikilegea na kuchomoka ukivigusa, waache. Walioganda wayeyushie kwenye friji usiku mzima. Maji ya moto huivisha nje huku ndani kukiwa bado barafu.

Shibiti ndiyo roho ya chakula hiki, nayo inataka mipango. Waswidi hutumia krondill, yaani shibiti iliyokwisha toa maua yake ya mwavuli. Majani machanga hayana nguvu ile. Panda mbegu mwishoni mwa Mei, palepale utakapouacha mmea, maana mizizi yake haipendi kuhamishwa, na umwagilie kiangazi chote. Ukikosa, maua na mbegu za shamari zitasaidia, ingawa ladha itakuwa tamu zaidi.

Kwa kambamiti kilo 2: maji lita 3, chumvi laini vijiko vikubwa 8 vya kusawazisha (kama gramu 150), sukari vijiko 2, vichwa 12 vya maua ya shibiti, na ukipenda chupa moja ya bia nyeusi. Chemsha vyote bila kambamiti, ukiacha maua 5 pembeni, kwa dakika 10.

Hapa ndipo wengi huharibu. Maelekezo ya Kiswidi husema dakika 8 hadi 10, lakini hayo ni ya kamba mwenye ganda gumu. Kambamiti akikaa muda huo anakuwa mpira. Mpike dakika 2 hadi 3 tu, kilo moja kwa awamu, kwa sababu ukimimina wote mchemko unakufa na nyama inatoa maji. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, basi hesabu dakika tangu yanapochemka upya. Aliyeiva hujikunja nusu duara na nyama haina uangavu. Akijifunga kama pete, umechelewa.

Waopoe uwatie kwenye maji ya barafu yenye chumvi kidogo. Yasiyo na chumvi huwachuja ladha. Usiwaache ndani ya sufuria ya moto, wataendelea kuiva. Chuja maji ya kupikia, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi hadi yapoe kabisa, ndipo urudishe kambamiti pamoja na maua 5 mabichi. Funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa 6 hadi 8. Onja mmoja baada ya saa 4: akishakolea, waopoe wote.

Waandae wa baridi kwenye sinia moja kubwa, na mkate uliobanikwa, siagi, limau na jibini ngumu. Waswidi hupenda Västerbottensost, ila jibini inayotengenezwa Njombe inafaa. Kila mtu amenye wake na anyonye maji ya kichwani, ndiko utamu uliko. Kofia za karatasi, taa zenye uso wa mwezi na nyimbo fupi kabla ya kila kikombe ni za kawaida kwao. Agosti ya huku usiku una baridi, kwa hiyo kaeni karibu na moto, nje palipo wazi; mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Maji ya chumvi yaliyobaki yamwageni, mbali na bustani.